Paji la Mtukufu Lapelekwa Ng'ambo

Nchi ninayoisimulia haipo. Wapo wanaodai kwamba wameishi humo, na hata kulipa kodi, lakini hao wapimwe macho. Mimi nimeifanyia kazi serikali ya nchi hiyo karibu maisha yangu yote, na niko tayari kuapa kuwa haipo.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo, Mtukufu Kiongozi hakuwa akisema. Sauti yake ilitunzwa kwa ajili ya Sikukuu ya Uhuru, kama mama anavyotunza vikombe vya wageni kabatini. Siku nyingine zote nchi iliendeshwa kwa paji lake la uso. Sheria ilikuwa fupi na nzuri. Mwenye ombi alilisema mbele ya Mtukufu. Paji likikunjamana, jibu ni hapana. Likikunjuka, jibu ni ndiyo. Na kwa kuwa haifai raia kumkodolea macho kiongozi wake, serikali iliajiri Msomaji Mkuu wa Paji. Huyo alisimama juu ya kigoda, upande wa kulia wa kiti, akiwa na kioo cha kukuzia, akatangaza kwa sauti: "Limekunjamana!" au "Limekunjuka!" Likishatangazwa, limekuwa sheria. Lisipotangazwa, hakuna kitu kilichotokea.

Msomaji huyo nilikuwa mimi. Sikuipata kazi hiyo kwa ujomba. Nilifagia ukumbi huohuo mchana na kusoma shule ya usiku, nikafaulu Historia, Uraia na Mwandiko. Siku ya usaili nilishindana na vijana wawili wenye digrii. Wa kwanza alilitazama paji akasema, "Inategemea." Wa pili aliomba muda wa utafiti. Mimi nikasema, "Limekunjamana," nao wakatolewa nje, kwa sababu kweli lilikuwa limekunjamana.

Lilikunjamana mara nyingi. Kila mkunjo ulikuwa na historia yake: mmoja uliletwa na mgomo wa wakulima wa pamba, mwingine na gazeti lililoandika habari, na ule mrefu wa katikati ulianza wakati wa ukame, mvua ilipokataa kunyesha ingawa ilikuwa imeagizwa.

Mikunjo hiyo ndiyo iliyomponza Mwalimu Hemedi Lihundi wa shule ya msingi Mtopwa. Aliwaambia wanafunzi wake wamchore Mtukufu, jambo la kizalendo kabisa. Watoto wale, kwa kuwa walikuwa hawajafika somo la Uraia, wakamchora jinsi alivyo. Badala ya kuwachapa, Mwalimu akawapa alama za juu na kubandika michoro ukutani. Mkaguzi akapita. Mwalimu akapelekwa gereza la Mlima Mawe kwa kosa la Kuchora au Kusababisha Kuchorwa kwa Makunyanzi ya Taifa, akae humo mpaka paji litakaposema vingine.

Mkewe, Bi Sikujua, hakukosa Baraza la Maombi hata moja. Alikuwa mwanamke mfupi, hana makuu, ila sauti yake ilifika kila pembe ya ukumbi.

"Mtukufu, namwomba mume wangu."

Paji lilikunjamana kabla hajamaliza. Nilitangaza. Naye hakumtazama Mtukufu, alinitazama mimi juu ya kigoda, akasema, "Haya, baba. Umesoma. Nitarudi." Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Nilimwona kuwa mwananchi mwenye nidhamu.

*

Basi Mtukufu alikwenda kwenye mkutano wa viongozi wa kanda. Aliposhuka ngazi za ndege, mhudumu wa uwanja alimsogezea kiti cha magurudumu na kusema, "Pole na safari, babu. Kaa nikusukume." Wakati huohuo kiongozi wa nchi jirani, ambaye sote tunajua kuwa ni mkubwa kwake kwa umri, akapita kwa miguu, uso unang'aa kama nyanya iliyopakwa mafuta.

Alirudi nyumbani na paji ambalo sijapata kuliona. Mawaziri watatu walijiuzulu kwa kuliona tu mlangoni. Sisi tuliobaki tukaanza kutafuta linataka nini.

"Tuvunje uhusiano na nchi ile?" aliuliza Kanali Mbwilo, Mkuu wa Usalama.

"Limekunjamana," nikasoma.

"Tununue ndege inayoshukia mlangoni kwa mtu?"

"Limekunjamana."

"Tumtafute yule mhudumu?"

"Limelegea kidogo, kisha limekunjamana."

Tukaendelea mpaka chai ikapoa. Mwishowe Bi Mkubwa, mke wa Mtukufu, aliyekuwa akisuka ukindu nyuma ya pazia, akachoka.

"Jamani, mtu anataka atengenezwe ngozi ya uso. Mbona mnamzungusha?"

Paji likakunjuka.

Palikuwa na swali dogo la kizalendo: kwa nini ng'ambo? Hospitali zetu ni nzuri mno. Mtukufu mwenyewe alizifungua, na nyingine alizifungua mara mbili. Lakini kwa kuwa ni nzuri hivyo, iliamuliwa zamani kwamba waachiwe wananchi, na viongozi wajinyime, waende nje.

Ikaundwa Tume ya Kuchagua Aina ya Kliniki. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Afya, Dakta Pazi, ambaye udaktari wake ni wa vyama vya ushirika. Wajumbe walikuwa Kanali Mbwilo, Bwana Shomvi aliyeshughulikia sheria na itifaki, na mimi. Tulimwita Daktari Rukia Msuya, mtaalamu pekee wa ngozi katika nchi yetu, atuelimishe.

"Waheshimiwa," alisema, "sehemu za kutengeneza ngozi haziko sawa. Ipo hospitali kubwa yenye idara ya ngozi. Ipo kliniki ndogo ya mtaalamu. Na zipo saluni na hoteli zinazochoma sindano baada ya kukukanda miguu. Msiangalie zulia. Ulizeni kama pana daktari mwenye leseni. Ulizeni kama anamwona mtu kwanza kabla ya kushika sindano, anamuuliza ana maradhi gani na anatumia dawa gani. Na ulizeni nani atapokea simu mambo yakiharibika mkiwa mmesharudi nyumbani."

"Mambo yakiharibika?" Kanali aliinua kichwa. "Kuna kitu unakijua sisi hatukijui?"

"Na zaidi ya yote," Daktari akaendelea, "chagueni daktari anayeweza kumwambia mteja hapana."

Bwana Shomvi aliweka kalamu chini.

"Amwambie nani?" aliuliza Bwana Shomvi taratibu.

"Mteja."

"Mteja gani?"

Hapo Daktari akaona mahali alipofika. "Mteja yeyote," alisema.

"Mteja yeyote hasafiri na kwaya ya taifa, mama."

Tulimshukuru sana. Baada ya muda mfupi alihamishiwa Bodi ya Ngozi na Viatu, akapewa kukagua ngozi za ng'ombe. Dakta Pazi alimtakia heri, akamwambia kuwa wagonjwa wa aina hiyo hawasumbui.

*

Tulisafiri kwa msafara mdogo: Bi Mkubwa, mawaziri, wake zao, kwaya, wapiga picha, na mtu wa kubeba kigoda changu.

Kwanza tulikwenda hospitali kubwa. Ilikuwa safi mpaka ikatia shaka. Mlangoni tulipewa namba. Mtukufu, ambaye ndiye Namba Moja kwa mujibu wa Katiba, akapewa nyingine, akaketishwa baina ya bibi mwenye vipele na mwanamume aliyekuwa akijikuna. Daktari wa zamu, mama mmoja mwenye miwani, alipomwita ndani alimtaka anawe uso atoe poda.

"Una umri gani?" akauliza.

Siku ya kuzaliwa Mtukufu ni sikukuu, lakini mwaka ni siri ya ulinzi. Kanali akasimama mbele ya swali.

"Ruka hilo."

"Ana presha?"

"Ruka."

"Amewahi kupata tatizo la misuli au mishipa ya fahamu?"

"Mama, wewe ni daktari au mwandishi wa habari?"

Yule mama akafunga kalamu yake. "Siwezi kumtibu mtu nisiyemjua," alisema, akaita namba iliyofuata. Dakta Pazi akaandika katika ripoti kwamba hospitali ile haina ukarimu.

Pili tulikwenda kliniki ya mtaalamu. Ilikuwa juu ya duka la miwani: chumba kimoja cha kungojea, leseni ukutani, meza isiyo na maua. Mzee mwembamba alimshika Mtukufu kidevu, akamgeuzageuza kama fundi anayenunua mbao. Wote tulifumba macho.

"Mikunjo hii ni ya umri na hasira," alisema. "Ipo dawa ya sindano inayolegeza misuli ya uso. Haidumu, ni ya miezi kadhaa. Nitaweka kidogo, halafu utarudi tutazame. Nikiweka nyingi, paji halitasogea. Kwani kazi yake inahitaji uso?"

"Kazi yake *ni* uso," nilijibu, kwa sababu ndiyo kweli.

"Basi afadhali tuweke kidogo sana, au tuache kabisa."

Nilitazama kwa kioo. Limekunjamana. Neno *kidogo* Mtukufu alikuwa hajawahi kupewa na mtu. Tulipokuwa tukishuka ngazi, Bi Mkubwa alisema, "Mzee yule ana akili." Bwana Shomvi akamweleza kwa heshima kwamba akili haikuwa miongoni mwa vigezo vya Tume.

Tatu, tulifika Kasri la Ujana. Hapo ndipo mahali penyewe. Ilikuwa hoteli, na ndani ya hoteli maji yalitiririka ukutani bila bomba lolote kupasuka. Zulia lilianzia barabarani. Wahudumu waliinama mpaka tukaona visogo vyao. Palikuwa na bendera yetu. Iliwekwa juu chini, lakini ilikuwapo. Hakuna aliyeuliza umri, wala presha, wala jina. Waliuliza swali moja tu:

"Mngependa Kawaida, Kifalme, au Umilele?"

"Umilele," tulisema kwa pamoja.

Kwa ajili ya usalama, Dakta Pazi alichomwa kwanza. Nyusi yake moja ilipanda juu na haikushuka tena, akabaki na sura ya mtu anayeshangaa. Tuliona haina madhara, kwani ripoti za wizara yake zilikuwa zikimshangaza tangu zamani. Kisha akaingia Mtukufu. Mwenye sindano alivaa koti jeupe na kibandiko kifuani kilichosema *Naitwa Toni, Nafurahi Kukuhudumia*. Alichoma huku akiimba.

Baada ya siku chache paji lilikuwa kama sahani ya kauri. Kwaya iliimba. Gazeti letu liliandika kuwa Mtukufu amerudi kutoka kutafuta wawekezaji, na kwamba amewapata.

*

Baraza la Maombi likaitishwa.

Wa kwanza kuingia walikuwa wazee wa Chambogo, waliokuwa wakiomba pampu ya maji tangu nikiwa mfagiaji. Nilipanda kigodani, nikasogeza kioo. Hakuna mkunjo. Nikafuta kioo kwa shati, nikatazama tena.

"Limekunjuka!"

Wazee hawakuelewa. Mmoja wao alianza kutoka kwa mazoea, ikabidi arudishwe akapewe pampu.

Akafuata mfanyabiashara mmoja, shemeji wa waziri, aliyeomba eneo la makaburi ajenge kituo cha mafuta. Nikatazama. Laini. "Limekunjuka!" Marehemu hawakuwa na mwakilishi. Akafuata bwana mmoja aliyeomba aruhusiwe kutopiga makofi kwa sababu ya baridi yabisi. Akaruhusiwa, na papo hapo watu wengi ukumbini wakaonekana kushika vifundo vya mikono.

Mtukufu alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa ngumi. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mmmh!" alisema. "Mmmmh!"

"Mtukufu anasafisha koo kwa ajili ya Uhuru," Bwana Shomvi aliwatangazia wananchi. "Tupumzike kidogo."

Tulipofunga mlango wa chumba cha nyuma, Kanali alinigeukia kama simba.

"Wewe mzee, unasoma nini? Huoni kuwa amekasirika?"

"Namwona, Kanali. Amekasirika sana. Lakini paji limekunjuka."

"Soma hasira yake basi!"

"Mimi ni Msomaji wa Paji. Masikio hayamo katika mkataba wangu."

Kanali akatoa mfukoni kalamu ya wanja ya Bi Mkubwa. "Haya, hakuna taabu. Tumchore mikunjo mitatu hapo katikati, turudi kazini."

Bwana Shomvi akakohoa. "Kuchora makunyanzi ya Mtukufu ni kosa, Kanali. Ndilo alilofungwa nalo yule mwalimu wa Mtopwa."

"Basi tuseme si kosa."

"Likiwa si kosa, mwalimu anatoka leo."

"Basi tuseme ni kosa!"

"Likiwa ni kosa, nani anashika wanja?"

Wanja ukaanza kutembea. Kanali akampa Shomvi, Shomvi akampa Dakta Pazi, Dakta Pazi akashangaa na kuuweka mezani. Mtukufu alikuwa amekaa kitini akiwa amenyoosha uso, anangoja. Hakuna aliyesogea. Mwisho Bi Mkubwa akauchukua.

"Nipeni wanja wangu. Nina harusi jioni."

Tulipokuwa tukirudi ukumbini, Kanali alinishika kiwiko. "Anayefuata ni yule mke wa mwalimu. Sikiliza. Ukimsomea vibaya, utakwenda kulala kwenye mkeka wa mumewe."

"Nitasoma kilichopo, Kanali."

"Ndicho ninachokiogopa."

*

Bi Sikujua alisimama mahali pake pa siku zote. Alikuwa amepungua, kanga ilimzunguka mara nyingi kuliko zamani.

"Mtukufu, namwomba mume wangu."

Nilipanda. Nimesema kwamba mimi ni mtu wa kazi yangu, basi nieleze nilichokiona. Niliona macho ya Mtukufu yakiwa yamewaka, na tundu za pua zimetanuka. Niliona mshipa wa shingoni ukipiga. Mtu yeyote ukumbini, hata aliyeketi nyuma ya nguzo, aliweza kujua kuwa jibu ni hapana, tena hapana kubwa kuliko zote alizopata kuzitoa. Na juu ya hayo yote lilikaa paji, jeupe, tulivu, limekunjuka kama shuka iliyopigwa pasi. Kanali alisimama kando akinionyesha mlango kwa kidevu.

Nikakawia. Nafikiri nilikawia kuliko ilivyo desturi, kwa sababu Bi Sikujua alisema, si kwa sauti ile ya ukumbi bali ya jikoni:

"Soma tu, baba. Usiongeze, usipunguze."

"Limekunjuka!" nikatangaza.

Hakupiga kigelegele. Alisimama.

"Hebu rudia."

"Limekunjuka, mama. Nenda kamchukue."

Akavua ndala, akazishika mkononi, akatoka mbio.

Kanali hakungoja vumbi litue. Alipita mbele, akapiga saluti. "Mtukufu! Nina ombi. Naomba Msomaji huyu apelekwe Mlima Mawe."

Nilipandisha kioo. Ningeweza kusema sioni vizuri. Lakini mtu aliyesoma shule ya usiku kwa taa ya kuazima hawezi kukubali kuambiwa kwamba hajui kusoma. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto.

"Limekunjuka," nikasema. Maaskari wakanishika mikono. "Ngoja kwanza. Mimi nami ni raia. Mtukufu, naomba Kanali anisindikize, akae hukohuko." Nikatazama. "Limekunjuka!"

"Huwezi!" alipiga kelele Kanali. "Basi naomba na Shomvi! Yeye ndiye aliyekataa wanja!"

"Limekunjuka!"

"Na Pazi aliyechagua kliniki!" akalia Shomvi.

"Limekunjuka!"

Dakta Pazi hakumwombea mtu. Alishangaa tu. Nikasomea wote waliotaka kusomewa, mawaziri na mashemeji zao, mpaka ukumbi ukabaki na maaskari wachache na Mtukufu, aliyekuwa bado akipiga kiti. Kisha nikapelekwa.

Tulipishana na Mwalimu Lihundi langoni mwa gereza. Mkewe alikuwa amemshika mkono, kama watu wanaovuka barabara. Mwalimu alitutazama tukishuka garini, mmoja baada ya mwingine, na majoho yetu ya ofisi.

"Karibuni," alisema. "Mkeka wa kona una kunguni."

*

Yule mzee wa juu ya duka la miwani alisema kweli: dawa haidumu. Miezi ilipopita, askari wa zamu walituletea habari kwamba paji la Mtukufu limeanza kutikisika. Kwanza mkunjo mmoja mdogo, kisha mingine. Sasa, wanasema, linakunjamana na kukunjuka vizuri kama zamani.

Kanali alifurahi sana. "Tutatoka! Atakunjua paji, tutatoka!"

Bwana Shomvi ndiye aliyemweleza, kwa utaratibu, maana muda tunao. Ili tutoke, lazima paji likunjuke na lisomwe. Msomaji yuko humu ndani. Ili aajiriwe Msomaji mwingine, lazima paji likubali, nalo likikubali sharti lisomwe. Mtukufu huketi ukumbini kila siku. Huenda anatuhurumia, huenda anatukasirikia zaidi. Hakuna ajuaye kisheria.

Jumapili iliyopita Bi Sikujua alinitembelea. Sikumtarajia. Aliniletea wali na mchuzi wa samaki, akaketi nje ya nyavu akinitazama nikila.

"Mtukufu hajambo?" nikamuuliza.

"Yuko palepale. Anakunja, anakunjua. Watu wanapita wanakwenda zao."

"Na Mwalimu?"

"Mzima. Wiki hii wameezeka madarasa yote ya Mtopwa, yeye na wazazi. Bati mpya."

Nikaweka kijiko chini. Jambo kubwa namna ile lina taratibu zake. "Nani aliwasomea? Waliomba kwa nani?"

Bi Sikujua akanyoosha mkono kwenye tundu la nyavu, akaniongezea mchuzi.

"Hawakuomba," alisema. "Kula, baba, kinapoa."